Mota iliyokataa kufika 1500

Mwaka wa tatu wa uhandisi nilisoma nadharia ya udhibiti wa mitambo kwa muhula mzima, na nakiri kwamba wiki sita za mwanzo nilikokotoa kila swali bila kuelewa nilichokuwa nikikokotoa. Mhadhiri aliandika ubaoni mlinganyo wa shafti inayozunguka, chini yake akaandika mlinganyo wa koili inayopitisha mkondo, nasi tukainakili yote miwili pasipo kuona kwamba umbo lake ni moja: inesha ya shafti hupinga mabadiliko ya kasi kama koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo, na msuguano wa beringi hushika nafasi ile ile ya ukinzani wa waya.

Mambo yalianza kunielea maabara. Tulipewa mota ndogo ya volti 12, tuizungushe mara 1500 kwa dakika. Kidhibiti chetu cha kwanza kilitoa volti kulingana na pengo kati ya kasi tuliyoitaka na kasi iliyopimwa, na mota ikatulia kwenye 1420. Haikusogea tena. Niliilaumu sensa, hadi nilipong'amua kwamba pengo likiisha volti nayo inaisha, kwa hiyo kidhibiti cha namna hiyo hakiwezi kuiendesha mota bila kubakiza kosa, yaani pengo hilo. Tulipoongeza kizidisho, yaani namba inayozidishwa na pengo ili kupata volti, pengo lilipungua, lakini shafti ikaanza kwenda mbio na kuzubaa kwa zamu huku meza ikitetemeka. (Magavana, yaani vifaa vya kudhibiti kasi, ya injini za mvuke yalikuwa na ugonjwa huo huo, na mwanafizikia James Clerk Maxwell aliuchambua kihisabati mwaka 1868.)

Dawa ni kulijumlisha kosa kadiri muda unavyopita, ili jumla hiyo ndiyo ishikilie volti hata pengo likifika sifuri. Tukapata 1500 kamili. Kisha mwenzangu akaibana shafti kwa kitambaa kwa sekunde kumi hivi. Alipoiachia, mota ilifyatuka, ikapita 1500 kwa mbali na kubaki huko kwa muda, kwa sababu jumla ilikuwa imeendelea kuvimba wakati volti zilishagota kwenye 12. Mistari miwili ya programu, ya kusimamisha kujumlisha volti zinapogota, ilitosha kulimaliza tatizo hilo. Katika mtihani halikuulizwa kabisa.