Baba alikuwa na sababu zake za kutokunywa dawa za presha

Mgonjwa asipokunywa dawa alizoandikiwa, watu humwita mkaidi au mzembe. Yote mawili aliitwa baba yangu, stesheni masta mstaafu wa Korogwe, na ushauri tuliopewa ulinichosha kuliko presha yake. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takribani nusu tu ya wenye maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa zao ipasavyo. Sasa, wote hao ni wakaidi? Ndugu mmoja alinitaka nimtishe kwa kiharusi. Mwingine alisema nimgombeze, na huyo bila shaka hamfahamu baba.

Uliopindukia ni ushauri wa shangazi, kwamba vidonge visagwe na kutiwa kwenye uji. Dada yangu, kwa kuwa shangazi habishiwi, alivitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, akaongeza sukari maradufu na pilipili manga ya kuficha uchungu. Baba alionja kijiko kimoja, akaukoroga uji taratibu, akauliza kwa upole wa kutisha, "Huu umepikwa au umechanganywa?" Kisha alitoka na bakuli lake, akaumwaga wote kwenye shina la mpapai, na kwa siku kadhaa hakula chakula cha nyumba ile isipokuwa mayai ya kuchemsha na muhogo aliomenya kwa mkono wake. Mfamasia tulipomsimulia alishika kichwa, kwa sababu kimojawapo, nifedipine, kilikuwa cha kuyeyuka polepole, na ukikisaga dawa ya saa nyingi huingia mwilini kwa mkupuo na inaweza kushusha presha ghafla. Nadhani mpapai ule ndio mti pekee wa Korogwe uliowahi kupata dozi kamili.

Swali la "Baba, umekunywa dawa?" nililiacha, maana jibu lake ni "ndiyo" hata kama pakiti haijafunguliwa. Jioni moja akiwa barazani na kahawa yake nilimwambia, "Baba, vidonge hivi ni vingi, hata kijana angeviruka. Kipi kinakuudhi zaidi?" Alicheka, halafu akafunguka. Enalapril, mojawapo ya dawa zake za presha, ilimletea kikohozi kikavu, na msikitini watu walianza kukaa mbali naye na kumuuliza kama amepima kifua kikuu. Kidonge cha maji, kile cha kukojosha, alikuwa akikimeza jioni, kwa hiyo usiku kucha alishinda njiani na tochi kuelekea choo cha uani. "Mwanangu, nianguke gizani kwa ajili ya presha nisiyoisikia?" Nayo nifedipine aliinywa kichwa kikimuuma tu, kwa kuwa siku moja alipimwa akaambiwa presha ni nzuri, akadhani amepona.

Basi hapo ukaidi uko wapi? Tulikwenda kwa daktari (si kubahatisha kwenye duka la dawa, tafadhali), naye akaondoa enalapril na kumpa losartan, ambayo ni nadra kuleta kikohozi, na kidonge cha maji kikahamishiwa asubuhi. Kikohozi kilichukua wiki kadhaa kuisha, na ni vizuri mgonjwa aambiwe hilo mapema, la sivyo ataitupa na dawa mpya.

Kusahau nako nilikutafutia dawa, na kwa hili najisifu. Nilinunua kipimo cha presha cha nyumbani, kwa elfu sitini au sabini hivi, pamoja na kaunta buku, nikamkabidhi baba bila maelezo mengi. Mtu aliyeandika mwendo wa treni maisha yake yote huwezi kumwekea kengele ya simu. Alipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, kidonge, presha, maelezo. Dozi iliyochelewa huiandika kwa kalamu nyekundu pamoja na sababu, "mvua" au "msibani". Presha iliyokuwa inapita 170 sasa iko chini ya 140, na daktari hulisoma daftari kabla hajamgusa.

Ramadhani ikikaribia huenda kliniki mwenyewe, ili apangiwe upya dawa zake kwa saa za daku na futari. Losartan ikikosekana dirishani humlaumu mfamasia kwa sauti ileile aliyokuwa akiwalaumia madereva wa treni za mizigo.