Jema la mwenzako, kwa tendo na kwa siku

Ukitaka kujua kama umejizoeza kuona jema kwa watu, chukua mtu mmoja wa jumuiya yenu anayekukera, uandike mambo matatu mema aliyoyatenda wiki hii. Matendo, si tabia. Wengi hukwama kwenye la pili. Makosa yake, hayo ungejaza ukurasa bila hata kuketi.

Hapa Kigoma huhitaji kwenda mbali kupata somo. Shuka Kibirizi asubuhi, dagaa wametandazwa juani. Wingu likitanda ghafla kila mtu hukimbilia wake, maana dagaa wakilowa huharibika, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mtazame yule mama mwenye mdomo mkali, anayelalamikiwa na kila mtu. Amekwisha kufunika wake, sasa anavuta turubai juu ya dagaa wa jirani aliyepanda kwenda mtaa wa Mwanga. Hakuna aliyemtuma. Ni kazi ya dakika mbili, na kama ulishamwandika moyoni kuwa mkorofi, utapita hapo hapo usione kitu.

Paulo aliwaandikia Wakorintho wakiwa wamegawanyika makundi, wanashtakiana mahakamani, wengine wanalewa kwenye chakula cha Bwana. Barua inaanza kwa shukrani (1 Wakorintho 1:4-9). Tena hasemi tu kwamba ni watu wema. Anataja kitu: wametajirika katika maneno na maarifa. Ugomvi anaugusa kuanzia mstari wa 10. Sasa fungua sura ya 8, mstari wa 1: maarifa yale yale aliyomshukuru Mungu kwa ajili yake, ndiyo anayoyaonya kwamba huleta majivuno. Hapa ndipo penye kazi. Kipawa cha mtu na kasoro yake mara nyingi huchotwa kisima kimoja. Ulimi wa mama yule unaoumiza watu barazani ndio ulimi pekee unaothubutu kuuliza hesabu za mfuko zimeishia wapi. Usimtafutie jema mbali na pale anapokukera. Anza hapo hapo.

Kwa Wagalatia shukrani ile haipo kabisa. Baada ya salamu, Paulo anaingia moja kwa moja kwenye kushangaa kwake. Kwa hiyo hakuwa akisifu kwa mazoea, na sisi tusijilazimishe kubuni sifa.

Namna ya kufanya ni hii. Chagua mtu mmoja kwa juma zima, si kwaya nzima. Kila jioni kabla ya sala, dakika tano na daftari: wapi, lini, alifanya nini. Maneno "mpole", "mkarimu" na "mtu wa watu" yapige marufuku, kwa sababu yanakuruhusu kuandika bila kuwa umeona. Siku mbili za kwanza ukurasa hubaki mweupe. Usiogope, ni kwamba bado unakumbuka badala ya kutazama. Kuanzia siku ya tatu utajikuta unamwangalia mchana kwa sababu unajua jioni utaulizwa na daftari. Ulichoandika mshukuru Mungu kwanza, kama Wafilipi 1:3. Mwishoni mwa juma mwambie mwenyewe, sentensi moja: "Mama, Jumanne nilikuona ukifunika dagaa wa jirani." Basi, endelea na safari yako. Ukiongeza "lakini", atakayoondoka nayo ni hiyo lakini.

Kwa maneno ya mtu, kuna ngazi iliyoachwa na Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti. Neno la mwenzako likikukwaza, jitahidi kwanza kulipokea kwa maana njema. Ukishindwa, muulize alikuwa na maana gani. Akiwa amekosea kweli, msahihishe kwa upendo. Sisi huruka ngazi ya pili, tunatoka kukwazika hadi kusimulia wengine. Martin Luther naye, aliyeongoza Matengenezo ya Kiprotestanti, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, anaeleza amri ya kutoshuhudia uongo kuwa inatudai pia kumtetea jirani na kulichukua kila jambo lake kwa upande ulio mwema. Wawili hao wa karne moja walitofautiana kwa mengi, hapa wamekutana.

Zoezi huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni sifa yenye haja nyuma yake. Watu wanainusa haraka: "Leo ananisifu, kesho atakuja kukopa." Ukiwa na haja, omba haja yako leo, sifa iache juma lingine.

Ya pili ni mbaya zaidi: kutumia jema la mtu kufunika uovu wake. Mume anayempiga mkewe haoshwi na sadaka yake ya shukrani, na mke asiambiwe "tazama mazuri yake". Asaidiwe kupata usalama. Mweka hazina anaimba vizuri, hiyo ni kweli. Fedha za rambirambi hazionekani, hiyo nayo ni kweli. Kitabu kifunguliwe. Kabla ya kikao aendewe na mtu mmoja, wakiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, na anayekwenda awe yule ambaye daftari lake tayari lina ukurasa wa mweka hazina huyo, wenye siku na matendo.