Mohamed yupi

Leo Jumapili na bado namsikia yule kijana wa dirishani, pale ofisini nilikopeleka fomu.

"Mama, Mohamed yupi? Hapa wamejaa. Jina la ukoo ni lipi?"

"Ndilo hilohilo."

"Hilo ni jina la mtu, mama. Nataka ukoo."

Akairudisha fomu kwa ncha ya kalamu, akaita, "Anayefuata!"

Ijumaa tumemuoza mdogo wangu, alhamdulillah. Lakini hata napaka wenzangu hina, moyoni nilikuwa dirishani, namjibu. Mwanangu, mimi ni binti Mohamed. Sisi watu wa Pwani tuliitwa hivyo, binti fulani bin fulani, kabla fomu hazijaja na kisanduku chao cha ukoo. Bibi Titi naye Mohamed ni baba yake. Alikuwa mwimbaji wa ngoma papa hapa Dar, na TANU, chama kilichodai uhuru, ilipowataka wanawake mwaka 1955, alivipitia vikundi vya ngoma akawaingiza wenzake chamani. Akaja kufungwa kwa kesi ya uhaini, akaachiwa 1972. Leo barabara nzima mjini inaitwa Bibi Titi Mohamed na sijasikia konda akiuliza Mohamed yupi. Na Amina Mohamed wa Kenya, mwaka 2005 aliliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani kwa jina hilohilo. Nani alimwambia akatafute lingine?

Yote hayo nayajua. Pale dirishani nilisema "ahsante" tu. Hiyo "ahsante" ndiyo inaniuma.

Jana usiku nikafungua sanduku la bati la marehemu baba, natafuta cheti cha kuzaliwa. Nikakuta kadi yangu ya kliniki, imekatika kwenye mkunjo. Kwenye "jina la baba" ameandika mwenyewe, *Mohamed*, kalamu ya wino wa bluu, ameikandamiza mpaka ukipapasa nyuma ya karatasi herufi zinasikika kidoleni. Baba alijifunza kusoma ukubwani, kisomo cha jioni. Hiyo d ya mwisho ameivuta mkia mpaka nje ya mstari.

Nikaipapasa sijui mara ngapi. Hasira sikuiona tena. Kesho narudi na fomu yangu, jina la baba Mohamed, ukoo Mohamed, na nitaandika kwa kukandamiza.

Ila mama anakohoa tangu usiku wa harusi, alilala ukumbini kwenye mkeka, na hospitali hataki kusikia.