Leo ya Mjomba

Mwaka 2015, Ramadhani ilipoingia katikati ya Juni, binti wa mjomba, kwangu dada, alirudi Tanga kutoka New York na kitabu cha picha kizito kama tofali, kilichomgharimu pesa za mzigo uwanja wa ndege. Mkazamjomba alidhani ni cha mapambo ya nyumba. Kumbe ni tarehe tupu. Kila ukifunua, tarehe: herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi, nyingine juu ya nyekundu au buluu, basi.

Mwenye kazi ile ni On Kawara, Mjapani aliyezaliwa Kariya mwaka 1932 na kuhamia New York. Tarehe 4 Januari 1966 alichora tarehe ya siku hiyo kwenye turubai, na mpaka anafariki mwaka 2014 alikuwa amechora karibu 3,000, katika miji zaidi ya mia aliyopita. Mfululizo wote aliuita Today, yaani Leo. Kuanzia Februari hadi Mei 2015 makumbusho ya Guggenheim yalipanga kazi za maisha yake kwenye ile njia yao inayopanda kwa kuzunguka hadi juu. Alisaidia kuyaandaa maonyesho hayo, ila hakuwahi kuyaona. Dada alikuwa akienda kila alipopata nafasi, na sasa alitaka baba yake naye aone.

Mjomba alikuwa fundi wa maandishi. Majina ya majahazi, mageti ya shule, vibao vya maduka, nyuma za malori, vyote vilipita mkononi mwake kabla ya mabango ya kompyuta kuja kuwaua njaa mafundi wa mji mzima. Mimi nilijifunza kwake kushika brashi. Usiku ule, baada ya futari, tulikuwa barazani kwake Ngamiani, mitaa ambayo barabara zake zinaitwa kwa namba, kwa hiyo labda hatukuwa watu wa kushangazwa sana na namba. Mjomba hakuuliza maana. Alikisogeza kitabu kwenye taa, akavaa miwani.

"Stensili hii?"

"Hapana, baba. Mkono mtupu. Anapima kwa rula, anajaza kwa brashi."

"Usinidanganye."

"Wallahi. Mikono minne mitano ya rangi chini, halafu ndiyo herufi."

Akakaa kimya akifuata tumbo la 9 kwa ukucha. Kisha akanigeukia: "Mjomba, unaona hapa? Hakutetemeka." Kwa mjomba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nimewahi kumsikia akimpa mtu mwingine mmoja tu, naye alikuwa marehemu.

Dada akaendelea na habari zake. Kwamba Kawara alikuwa akiandika tarehe kwa lugha ya nchi aliyomo siku hiyo, na kama nchi haitumii herufi za Kirumi, kwa Kiesperanto, lugha ya kutungwa isiyo ya nchi yoyote. Kwamba picha tatu kubwa kuliko zote ni za Julai 1969, Wamarekani walipokwenda mwezini. Kwamba kwa miaka zaidi ya kumi alituma kila siku kadi mbili za posta zenye mhuri wa saa aliyoamka, na kwa miaka mingi telegramu kwa marafiki: bado niko hai. Hapo mkazamjomba akaguna. Zamani telegramu ikibisha hodi kwetu, watu walianza kulia kabla haijafunguliwa. Mtu wa kulipia telegramu aseme hajafa, alimwona ana pesa za kuchezea.

Mjomba yeye alinasa kwenye jambo moja. Picha isipokwisha kabla ya saa sita usiku, Kawara anaiharibu.

"Saa sita usiku kuna nini?"

"Ndiyo siku inaisha, baba."

"Siku inaisha magharibi."

Wakabishana mpaka watu wakaanza kuondoka kwenda tarawehe. Nilikuwa upande wa mjomba, na bado niko. Saa sita usiku haina dalili yoyote mbinguni, ni makubaliano ya wenye saa. Jua likizama kila mtu analiona, hata asiyejua kusoma. Dada akasema kwa hiyo mjomba angekuwa na muda mfupi kuliko Kawara. Nadhani ndicho kilichomchokoza.

Jumamosi, tarehe 27, baada ya kuswali alfajiri, nilimkuta uani na kipande cha plaiwudi ameshakipiga msasa. Chini alipaka rangi nyeusi ya mbao za kuandikia za shule, aliyokuwa na salio lake kwenye kopo. Ilikuwa akili nzuri: haing'ai, na inakauka upesi. Saa nne asubuhi ilikuwa tayari imepata mikono mitatu. Akapiga mistari kwa uzi wa chaki, akagawa nafasi kwa macho, akachora kwa penseli: 27 JUNI 2015. Dada akasema Kawara angeweka kwenye boksi la kadibodi na kipande cha gazeti la siku hiyo. Mtoto wa jirani akatumwa gazeti, akarudi na la michezo, Simba na Yanga mwanzo mwisho. Mjomba, Coastal Union damu, ambaye ubingwa wa 1988 kwake ulikuwa wa jana, akaamuru likafungiwe maandazi.

Tatizo likawa nyeupe. Kawara alitumia rangi za akriliki, zinazokauka upesi. Mjomba alikuwa na rangi ya mafuta, na kwa upepo ule wa bahari inachukua masaa. Nyeupe juu ya nyeusi mkono wa kwanza huwa kijivu, mtu asikudanganye. Unahitaji wa pili, na ukiuwahi kabla wa kwanza haujashika, brashi inaburuta ule wa chini na kingo zinachanika. Alingoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, naye amekaa kwenye kigoda, amefunga, anagusa pembeni ya J kwa kidole kidogo. Dada akampigia hesabu: kitabu hakisemi Kawara alizaliwa lini, kinataja idadi ya siku alizoishi tu, 29,771. Akataka kumhesabia baba yake. Haikuwezekana. Kadi ya mpiga kura inasema 1 Julai 1944, tarehe aliyopewa na karani.

Mkono wa pili aliuanza jua limeshainama. 27 ikatoka safi, JUNI ikatoka safi. Alikuwa kwenye 0 ya 2015 muadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti.

"Baba, una mpaka saa sita," dada akasema. "Kwa sheria yake bado ni leo."

Mjomba akaichovya brashi kwenye tina. "Mimi nimekubali sheria yake ya kuharibu. Ya saa nilikataa mbele yako." Akala tende, akanywa maji, na kabla ya kwenda kuswali akachukua lile kopo la nyeusi na kufuta yote. Dada aliudhika kwelikweli, akanuna mpaka daku.

Wiki iliyofuata plaiwudi ile ile ilipata kazi kwa kijana wa kibanda: HAPA TUNACHAJI SIMU. Alilipa nusu, iliyobaki akasema baada ya Idi.