Kifua cha besi

Nimeona niandike, labda litanitoka. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu Jumatatu, na matonge ninayoyajua yote nimeshayameza.

Mnajua kwamba mwaka huu kwaya imenipa mimi tenda ya sare za sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanakwaya, baada ya yale ya mwaka jana ambayo sitaki kuyarudia. Magauni ya akina mama yalikwisha mapema. Waliobaki ni wazee wa sauti ya nne, yaani besi, ambao kila ukiwaita waje wapimwe wana dharura: huyu yuko shamba Mgeta, yule presha imepanda. Jumatatu jioni ndipo akatokea Mzee wa Besi. Ndiyo, yule yule niliyewahi kuwasimulia humu. Kaingia kibandani, kaegemeza fimbo mlangoni, shikamoo, marahaba, kanyoosha mikono yote miwili pembeni.

"Pima vizuri mwanangu. Hicho ndicho kifua cha besi."

Nikazungusha futi kamba. Nikamwambia, kwa kumfurahisha tu, "Kama cha baba."

Akacheka.

"Baba yako? Baba yako hakuwa besi."

"Kwani alikuwa sauti ya tatu?"

"Sauti ya tatu ya nini! Hakuwa na sauti. Sisi tulikuwa tunamweka mstari wa nyuma, katikati yangu na marehemu fundi saa, anafungua mdomo tu."

"Mzee, unanitania."

"Nikutanie juu ya marehemu, tena mwezi wa marehemu huu? Kamuulize mama yako." Halafu, hata hakuvuta pumzi: "Na kwapani usinibane. Sipendi shati la kubana kwapani."

Nikaandika vipimo vyake kwenye daftari. Kifua, bega, urefu wa mkono. Akachukua fimbo yake akaenda zake, na mimi nikabaki nimeishika ile futi kamba kama niliyesahau ni ya nini.

Mambo mengine ya wiki hii ni makubwa kuliko hilo, najua. Washenga wameleta barua ya posa ya binti wa kaka, kitinda wetu kavaa joho pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, na sasa ni bwana shamba mwenye cheti, mwanangu wa mwisho kapokea Komunyo ya Kwanza sikukuu ya Kristo Mfalme, na baba katimiza miaka 14 kaburini. Kwa mtu mwingine hiyo ni wiki ya kuandika kitabu. Mimi nilikuwa nakata kitambaa huku nasikia "anafungua mdomo tu", napiga pasi huku nasikia "kamuulize mama yako".

Kinachouma ni kwamba kama kuna kitu kimoja nilichokuwa na hakika nacho juu ya baba, ni hicho. Mengine ya kwake sikuyajua sana. Alikuwa karani wa mizigo wa reli, mtu wa zamu, anaondoka hatujaamka na anarudi tumelala. Lakini Jumatano na Ijumaa jioni alikuwa mazoezini kwaya, na Jumapili alikuwa pale juu, mstari wa nyuma, na mimi mtoto chini namtafuta kwa macho mpaka nimwone mdomo unacheza. Nimeingia kwaya nina miaka 15 bila hata kujaribiwa sauti, kwa sababu mwalimu alisema huyu ni damu ya besi. Humu ndani nimeshaandika zaidi ya mara moja kwamba sauti yangu nimerithi. Mliweka mioyo. Mnakumbuka.

Sasa njooni Alhamisi, Misa ya kumbukumbu yake. Misa ya asubuhi, saa kumi na mbili, mvua za vuli zimeanza kulowesha Uluguru na watu wamekuja na makoti. Nia ya Misa niliiandika mwenyewe kwenye bahasha mwanzoni mwa mwezi, kabla ya habari za kifua. Katekista akasogea kwenye kipaza sauti akasoma, neno kwa neno, kama nilivyoandika: kumwombea marehemu fulani, mwimbaji wa sauti ya nne kwa miaka mingi katika parokia hii. Nyuma yangu mtu akakohoa. Kulikuwa na baridi, inawezekana ni kikohozi cha baridi. Lakini nilimjua aliyekohoa bila kugeuka. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," tukaitikia wote, na mimi badala ya kumwombea baba nikawa nahesabu besi ngapi zinasikika.

Usiku wake nikatafuta kaseti. Ile ya Radio Tanzania, kwaya ilipopanda treni kwenda Dar es Salaam kurekodi, safari ambayo baba ndiye aliyewapangia behewa. Kitinda alishaihamishia kwenye simu zamani, na mikwaruzo yake yote. Nikaiweka sikioni, baba watoto kalala, nikaanza kuwatenganisha. Soprano hawana siri. Alto ni wale wale mama zangu watatu. Sauti ya tatu yupo mmoja anavuta kwenda chini kila anapochoka. Nikafika besi. Mzee wa Besi anasikika kama yuko chumbani. Fundi saa namsikia pia, sauti nyembamba kidogo kuliko mwenzake lakini imenyooka. Nikasubiri ya tatu. Nikarudisha. Nikasubiri.

Hapo katikati ya kurudisha ndipo likanijia jambo ambalo nimeishi nalo muda wote bila kulitazama. Baba ndiye aliyenifundisha solfa, ile ya do re mi. Mezani, baada ya chakula, taa ya chemli, kabla sijajua kusoma vizuri. Alikuwa anazijua zile ishara za mikono: ngumi usawa wa kiuno ni do, kiganja kilicholazwa ni mi, kidole kinachoelekea juu ni ti. Anapandisha mkono, naimba. Anashusha, naimba. Nikikosea anatikisa kichwa na kurudia ishara ile ile, mkono tu, mpaka nipate. Nimejaribu kukumbuka hata siku moja aliyofungua kinywa akanipa ile do nianzie. Do aliipata kwa kugonga kijiko kwenye bilauri ya maji, anapunguza maji, anaongeza, anasikiliza, halafu ananiangalia mimi.

Yaani sikio alikuwa nalo. Sikio kali kuliko la mwalimu wetu wa sasa, naye akisoma hapa asinichukie.

Ijumaa nikamfuata mama. Nilijipanga njiani namna ya kulianza, maana ni mjane na wiki yenyewe ni ya kumbukumbu. Nikamkuta anachambua mchicha, nikakaa, nikazunguka zunguka na habari za posa, mwisho nikalitoa kama lilivyo: Mzee wa Besi kasema hivi na hivi.

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Sijamwona akicheka hivyo siku nyingi. Akafuta macho kwa pembe ya khanga akaanza upya.

"Sasa wewe ulifikiri alikuwa anaimba?"

"Mama!"

"Hata Baba Yetu ya kuimba alikuwa anaisindikiza kwa midomo. Walimtaka kwa ajili ya kaboni."

Kaboni, jamani. Enzi hizo mashine za kunakili zilikuwa za kubahatisha, kwaya nzima inasubiri nota zinakiliwe kwa mkono, na baba alikuwa na mwandiko wa karani na karatasi za kaboni za ofisini. Anakaza biki, nakala tatu nne zinatoka kwa mpigo mmoja. Nazijua zile karatasi, ninazo mpaka leo kwenye sanduku: juu kushoto "Do = F", sauti nne kwa mistari, nukta pacha kutenganisha mapigo, na kila nota ya besi iliyoshuka chini ina kialama chake kidogo chini yake, hakusahau hata kimoja. Shirika la reli litusamehe. Sehemu nzuri ya liturjia ya mji huu imepita kwenye kaboni yake.

"Halafu fotokopi zikaja," mama akaendelea. "Nikamwambia, baba, sasa wamekuachia, kaa nyumbani upumzike. Akasema, na wale wawili nani atasimama katikati yao?"

"Wawili gani?"

"Huyo rafiki yako wa kifua, na fundi saa. Hawakuwa wanasalimiana. Kiwanja. Walitaka kupigana siku moja mazoezini, mbele ya padri, na sauti ya nne ilikuwa ni hao tu. Akitoka mmoja hakuna besi. Ndiyo wakamsimamisha baba yenu katikati. Kama ukuta. Akashikilia hapo mpaka fundi saa alipofariki."

Nikalipitia upya lile neno lote, kuanzia futi kamba. "Tulikuwa tunamweka katikati yangu na marehemu fundi saa." Mzee kalisema mwenyewe, kwa mdomo wake, na nusu ya pili kaiacha nyumbani kwake. Kanipa aibu ya baba, yake akaikunja mfukoni. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka na mimi, tukacheka wote wawili na mchicha umemwagika. Mtu kasimama miaka na miaka mbele ya Altare akitenganisha ugomvi wa kiwanja, huku anachezesha mdomo kwa wakati, hapitwi hata na pumziko, na waumini chini wanasema besi ya leo imetulia!

Nilikuwa nimeshasimama niondoke ndipo nikauliza, kwa mzaha, "Basi mimi sauti nimeitoa wapi?"

Mama hakuinua kichwa. Akaendelea na mchicha wake. "Kwangu."

Nikabaki mlangoni.

"Wewe hujawahi kuingia kwaya."

"Jumatano na Ijumaa," akasema. "Nani angebaki na nyinyi?"

Akasema kwa upole, hana kinyongo, akaniuliza kama nitachukua mchicha kidogo. Nikachukua. Mpaka naandika hapa sijajua nilifanyie nini hilo. La Mzee wa Besi lilikuwa limeshaanza kupoa, hili limeingia mahali pake. Nimekaa nimejaribu kukumbuka mama akiimba. Nimekumbuka akitwanga, nimekumbuka akimbembeleza kitinda mgongoni usiku wa umeme kukatika, na nimekumbuka kwamba kweli hakutoka nje ya ufunguo hata mara moja, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia.

Jumamosi Sesilia ilikwenda vizuri. Tumeimba, tumekula pilau, somo wetu katuombea. Kaka kafika na treni ya umeme, kapanda Dar es Salaam kashuka hapa kabla hajamaliza simu zake, na kama kawaida kasema baba angeona hii. Sare zilisifiwa. Mzee wa Besi alisimama pembeni kabisa ya mstari wa nyuma, akaimba kwa nguvu kuliko wimbo ulivyotaka. Baada ya Misa nikamfuata pale nje kwenye mwembe, watu wanapiga picha.

"Mzee, marehemu fundi saa mlikuwa mnasalimiana?"

Akanitazama. Akaupandisha mkono wa kulia, akaushusha.

"Kwapani pamebana," akasema.

Hapakubana. Nilimwachia nafasi ya vidole vitatu.

Jumapili mwanangu kapokea Komunyo akiwa na suti ambayo mama yake ndiye fundi, kwa hiyo nyamazeni kuhusu urefu wa suruali, anakua. Mama alikaa benchi la mbele na wageni. Tulipoanza wimbo wa Komunyo nilimwangalia mdomo. Sikuweza kusikia kitu, kwaya ni kubwa na vipaza sauti viko upande wetu. Nimemwambia aje Jumatano mazoezini, wajukuu wana baba yao wa kubaki nao. Kasema magoti. Nitamwambia tena.

Nilitaka kumaliza hapo, ila sasa hivi nimetoka kufunga banda na kuna jambo silipendi. Kuku wawili wamezubaa pembeni, mabawa yameshuka, na yule tetea mweusi shingo imeanza kupinda. Nimeangalia kinyesi kwa tochi ya simu, ni kijani. Ni mdondo, sina haja ya kuambiwa. Jirani alinunua jogoo mnadani wiki iliyopita akamwachia atembee uani kwetu, na chanjo ya tone la jichoni ambayo ni kila miezi mitatu, ya mwezi huu ilikuwa bado siku chache. Ukishaingia hauna dawa. Wale wa Krismasi wote wako humo, na mitetea sita inayolalia. Bwana shamba wetu mwenye cheti kipya nimempigia, yuko Dar es Salaam anasherehekea joho, simu inaita tu. Alfajiri nitawatoa hao wagonjwa mapema, niende duka la mifugo kabla sijafungua kibanda, na sijui kama hawa wazima nikiwachanja sasa hivi bado inasaidia au nimechelewa.