Kanivali ya Cromer, nimeloa ila nimeenjoi
Jana nlipanda treni toka Norwich kama dakika 45 hivi nikashuka Cromer, kamji ka pwani huku Uingereza, wiki ya kanivali ndo hii, watu kibao! Magari yamepambwa, bendi zinapiga, mvua nayo inanyesha na hakuna anayejali, wazungu wamekaa kwenye viti vya kukunja wanakula samaki na chipsi utadhani jua linawaka. Mi nikakimbilia gatini, lile la mwaka 1901 lenye ukumbi wa maonyesho juu ya maji. Watoto ndo walinimaliza, wanafunga kipande cha bekoni kwenye uzi wanavua kaa, ndoo ikijaa wanawahesabu af wanawarudisha baharini 😂 Kwetu Tanga we kaa urudi unaenda wapi, na nazi ishakunwa? Nikanunua wangu ashapikwa, mtamu balaa. Chipsi zangu lakini kazila shakwe.