Kituo cha mwendokasi hudai nafasi kuliko njia yake

Vijana wanaosomea mipango miji wakiniuliza kuhusu mabasi yaendayo haraka, wengi huanzia kwenye njia ya zege. Mimi huwashauri waanzie kituoni, kwa sababu katika mji uliokwisha kujengwa kituo ndicho kinachodai nafasi kubwa zaidi, na ndicho kinachoamua nyumba ipi ibomolewe na mti upi ukatwe.

Chukua awamu ya kwanza ya Dar es Salaam, takribani kilomita 21, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Barabara ya Morogoro ina hifadhi pana, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, hivyo wasanifu waliweza kuweka vituo katikati na kuongeza njia ya kupitana, ili basi la moja kwa moja lisikwame nyuma ya lile linalosimama kila kituo. Hapo bado hujaweka njia za magari mengine, mifereji na njia za waenda kwa miguu. Mita chache zikikosekana, kishawishi cha kwanza huwa ni kumbana mwenda kwa miguu, na hilo ni kosa kubwa, kwani karibu kila abiria humalizia safari yake ya kufika kituoni kwa miguu, tena akivuka nusu ya barabara ili alifikie jukwaa, yaani sehemu ya kituo anaposimama kusubiri basi.

Sakafu ya jukwaa imeinuliwa ilingane na ya basi. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo na mtu anayetumia kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi, mradi dereva alisogeze basi hadi ukingoni. Akiacha pengo la hatua moja, faida yote ya mwinuko ule hupotea.

Linaloniuma zaidi ni Jangwani. Karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, eneo ambalo lilikuwa wazi kwa sababu mto wenyewe hulihitaji wakati wa mvua. Maji yaliingia karakanani yakaharibu mabasi, na mara kadhaa huduma ilisitishwa kati ya vituo vya Magomeni na Fire kwa kuwa barabara ilifunikwa. Kwa njia yoyote mpya ningetaka ramani ya mafuriko iwekwe mezani siku moja na ramani ya viwanja, na karakana itafutiwe mahali pa mwinuko, hata kama mabasi yatalazimika kwenda kilomita kadhaa yakiwa matupu kila alfajiri.